Damu ya Namba Saba

Damu iliyokuwa ndani ya chupa namba Saba haikuwa ya Namba Saba. Jambo hilo liligunduliwa siku ya Jumatatu, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, katika maabara ya ghorofa ya tatu. Aliyeligundua ni Daktari Mdogo, naye alisimama mbele ya kigae cheupe chenye matone mawili ya damu, akiyakodolea macho kana kwamba yamemtukana.

"Kundi A," alisema. "Kadi yake inasema O. Nimerudia mara tatu."

Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kitinda, ambaye utafiti ulikuwa wake, alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Wa nne chumbani alikuwa Bi Kufuli, mtunza stoo, aliyekuja kuhesabu makasha ya glavu na sasa alikuwa amesahau alifika kasha la ngapi.

"Ama damu ilibadilishwa," Daktari Mdogo aliendelea, "ama kuna mtu hakuitumia kabisa akajiandikia majibu. Sisemi ni nani."

"Husemi, lakini unanitazama mimi," alisema Kitinda.

Profesa aliketi. Alikuwa mtu mpole aliyeweza kumfukuza nzi kwa kumwomba radhi, na siku hiyo sauti yake ilikuwa nzito. Alisema watahini wangefika Alhamisi saa nne. Kama hadi Jumatano jioni angekuwa hajajua nani kafanya nini, ingembidi aiandikie bodi. "Na bodi haiandiki 'labda'," alimalizia. "Bodi inaandika jina."

Hakuna aliyehitaji kuambiwa jina la nani. Kitinda alikuwa na miaka minne kwenye tasnifu ile. Mtu akishaandikwa kuwa ameghushi data, hakuna maabara itakayompa hata kazi ya kuosha chupa. Bi Kufuli alimtazama msichana yule, akamwona anavyojikaza kisabuni, na roho ikamuuma kama angekuwa amemzaa.

"Nipe mimi," alisema Bi Kufuli.

"Nikupe nini?" aliuliza Profesa.

"Hii kesi. Daktari hapa jina lake limo kwenye utafiti. La kwako limo. La Kitinda ndilo lenyewe. Mimi jina langu limo kwenye daftari la sabuni. Nani mwingine wa kuuliza maswali?"

Profesa alifikiri kidogo, akakubali. Bi Kufuli alikuwa ametunza stoo ile miaka ishirini na sita, na jina lake la utani hakupewa bure. Kutoka mikononi mwake hata kalamu haikutoka bila sahihi.

*

Alianza na Daktari Mdogo, ndani ya stoo, katikati ya rafu za sirinji. Aliitwa Mdogo kwa sababu Profesa ndiye Mkubwa. Kwa urefu alilazimika kuinama mlangoni.

"Kwa nini ulipima kundi la damu?" aliuliza Bi Kufuli. "Hiyo si kazi ya utafiti huu."

"Seli za Saba zilinishangaza."

"Zilifanya nini?"

Daktari Mdogo alianza kueleza kwa maneno marefu, Bi Kufuli akamkata kauli. Alikuwa anayajua. Kitinda alikuwa akifanyia mazoezi mhadhara wake humo humo stoo kila Ijumaa, yeye akiwa msikilizaji pekee, na kwa mwaka mzima somo lilikuwa limemwingia kama wimbo.

Somo lenyewe lilikuwa hivi. Katika damu kuna seli T saidizi. Zinapozaliwa hazijachagua kazi, kama kijana aliyemaliza shule jana. Baadhi zitakuwa wachochezi, zitawasha uvimbe na homa adui akiingia. Nyingine zitawasaidia watengenezaji wa kinga. Nyingine zitakuwa walinda amani, wa kuwatuliza wenzao wasije wakashambulia mwili wenyewe. Zamani wasomi waliangalia zaidi amri: nani anaiambia seli iwe nini. Kitinda alikuwa akifuatilia mikroRNA, vipande vifupi mno vya RNA, herufi ishirini na mbili hivi, ambavyo havitengenezi chochote. Kazi ya vipande hivyo ni kukamata barua zenye amri kabla hazijasomwa na kuzichana. Seli inakuwa hivi au vile si kwa sauti iliyopazwa tu, bali pia kwa ile iliyozimwa. Kitinda aliviita vinyamazishi, na maabara nzima ikaiga.

"Kwa hiyo seli za Saba?" Bi Kufuli alirudia.

"Zilielemea kwenye ulinzi wa amani zenyewe. Hata zile ambazo hatukuziwekea kinyamazishi chochote. Miezi kumi na moja Namba Saba ni mchochezi kupita wote, mwezi wa kumi na mbili amekuwa mpatanishi. Mtu habadiliki hivyo."

"Ukasema ni Kitinda."

Daktari Mdogo alishusha macho. "Nilisema watu wasikie mapema, watafute. Ningenyamaza, watahini wangeligundua wenyewe, na hapo asingekuwa na wa kumtetea. Wiki iliyopita nimetuma maji ya damu ya wote wanane yasomwe vinyamazishi, kwa fungu langu la utafiti. Majibu kesho." Alikohoa. "Usimwambie."

"Kwa nini nisimwambie?"

"Atafikiri nampenda."

"Nawe humpendi?"

"Bi Kufuli, hilo nalo limo kwenye kesi?"

Bi Kufuli aliandika kitu kwenye daftari lake, hakumwonyesha.

*

Kitinda alikuja saa tano na robo, macho mekundu. Jina lake lilitokana na kuwa wa mwisho kujiunga, kitindamimba wa maabara, na kila mtu mle alijiona ana haki ya kumuuliza kama amekula.

"Umekula?"

"Sitaki, Mama. Tangu asubuhi natapika tu."

"Haya, nieleze Jumanne ile. Wiki tatu zilizopita."

Utaratibu ulikuwa mmoja tangu mwanzo. Watu wanane walewale, mara moja kwa mwezi, mwaka mzima. Wote walikuwa wafanyakazi wa taasisi waliojitolea mkono. Damu ilitolewa chini, chumba cha Nesi, na Nesi aliandika saa kwenye kila chupa kwa mkono wake, kwa sababu seli huanza kubadilika mara zinapotoka mwilini. Kisha chupa zilipandishwa juu. Kulikuwa na sharti moja, na Kitinda ndiye aliyeliandika kabla ya kuanza: mtu akikosa mwezi mmoja, anaondolewa na miezi yake yote. Na watu wakiwa chini ya wanane, utafiti haukubaliki.

"Chupa ya Saba ilifika saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika arobaini. Nesi aliileta mwenyewe."

Kalamu ya Bi Kufuli ilisimama. "Si Mzee Gia?"

Kitinda alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Namba Saba alikuwa ni Mzee Gia, dereva wa taasisi. Kila mwezi alipandisha chupa yake mwenyewe ghorofa tatu, akiishika kama kombe, akimtangazia kila aliyekutana naye kwenye ngazi kwamba sayansi inamtegemea. "Mara ile hapana. Nikajua ana haraka."

"Wewe kundi lako la damu ni lipi?"

"A," alisema Kitinda.

Bi Kufuli alikuwa ameshapitia kadi za watu wote wa maabara, zile zinazotunzwa kwa ajili ya ajali. Wenye kundi A walikuwa wawili: Profesa, ambaye Jumanne ile alikuwa safarini, na binti huyu aliyeketi mbele yake juu ya kasha la glavu.

"Mama, wewe pia unafikiri ni mimi?"

"Nafikiri ukale," alisema Bi Kufuli. Lilikuwa jibu la kukwepa, na wote wawili walilijua.

*

Saa nane mchana alishuka kwa Nesi. Nesi hakuwa mtu wa maabara. Alikuwa wa zahanati ya jengo la pili, akija Jumatatu na Jumanne tu, mwanamke wa miaka thelathini na minane, nadhifu hadi kwenye kucha. Alikuwa ameolewa na mtoto wa kiume wa Mzee Gia, na mapenzi yake kwa baba mkwe wake yalijulikana jengo zima. Alimfulia koti lake la kazi, na mzee naye alimgombeza kwa kulifua mno.

Mezani palikuwa na pakiti ya biskuti kavu. Nesi alikuwa akizimega kidogo kidogo.

"Samahani, Bi Kufuli. Vidonda vya tumbo vimeamka. Nikikaa tumbo tupu, nakoma."

"Pole. Jumanne ile Namba Saba ulimtoa damu mwenyewe?"

"Mwenyewe, saa tatu na dakika ishirini na sita. Imeandikwa."

"Mkono upi?"

Nesi alifungua faili, akatazama fomu. "Wa kushoto."

"Alikuwa mzima?"

"Mzima kabisa." Alifunga faili. "Kuna shida juu?"

"Kuna mtoto wa watu anayetaka kuchafuliwa jina."

Mkono wa Nesi ulisimama juu ya biskuti. "Kitinda?"

"Ndiye."

"Huyo hana hatia," alisema Nesi, haraka mno, kisha akaomba radhi kwamba ana mgonjwa anamsubiri. Bi Kufuli alipotoka hakuona mgonjwa yeyote kwenye benchi.

Mzee Gia alikuwa chini ya gari, miguu na mifuko ya suruali tu ndiyo iliyoonekana.

"Toka huko nikuulize kitu."

"Uliza hapo hapo. Masikio yangu hayana matope."

"Jumanne ile ulitoa damu?"

Miguu ilitulia. "Nilitoa. Kwani mwezi gani sikutoa? Mimi na damu yangu hatuna ubahili."

"Mkono upi?"

"Kulia. Siku zote kulia. Huu wa kushoto uliunguzwa na rejeta, kovu tupu. Hata mbu hawapati mshipa hapo."

"Na hiyo dawa inayochungulia mfukoni mwako?"

Mzee alijiburuta akatoka, akaisukuma paketi ndani ya mfuko. "Vitamini. Za nguvu. Bi Kufuli, umekuwa polisi lini?"

"Leo asubuhi," alijibu.

Alirudi stoo akiwa na mikono miwili kwenye daftari, wa kulia na wa kushoto, na moyo usiotaka kuamini. Mmoja kati ya wawili wale alikuwa amekosea au amedanganya. Lakini mtu mzima huweza kusahau mkono, na fomu huandikwa kwa haraka. Hilo peke yake halikumtoa Kitinda matatani.

*

Jumanne, saa tatu asubuhi, Daktari Mdogo aliingia stoo bila kubisha, karatasi mkononi. Hakukaa.

"Tazama nguzo ya saba."

Ilikuwa orodha ya vinyamazishi, mamia, na mbele ya kila kimoja tarakimu nane, moja kwa kila mtu. Karibu na mwisho kulikuwa na kundi la mistari lililokuwa tupu kwa watu wote: sifuri, sifuri, sifuri. Kwa Namba Saba tarakimu zilikuwa za maelfu.

"Hivi ni vya ugonjwa gani?" aliuliza Bi Kufuli.

"Si ugonjwa." Masikio ya Daktari Mdogo yalikuwa yamewaka. "Hivi vinatengenezwa na kondo la nyuma. Vinatoka upande wa mtoto tumboni, vinaingia kwenye damu ya mama, vinaelea humo. Mwanamume hana. Mwanamke asiye mjamzito hana."

"Kwa hiyo kwa mujibu wa maabara yetu, Mzee Gia ana mimba."

Walitazamana, wakavunjika mbavu wote wawili, na kicheko kikaisha ghafla kwa pamoja, kwa sababu kila mmoja alikuwa amefikia jina lilelile.

"Na ndiyo maana seli zilikuwa za amani," Daktari Mdogo alisema polepole. "Mama akiwa na mimba, walinda amani wake huongezeka. Mtoto nusu yake ni mgeni. Bila wao mwili ungemshambulia."

Mwanamke. Mjamzito. Kundi A. Anatapika tangu jana. Bi Kufuli alimfungia mlango Daktari Mdogo nje kwa upole, kisha akaketi peke yake na mambo hayo manne. Ikiwa binti aliweka damu yake ndani ya chupa ya Saba, basi ni kweli alighushi. Aliwaza atakavyomwambia Profesa, akaona hawezi. Hasira zake zilimgeukia mwenyewe: alikuwa ameomba kesi ili amwokoe, na sasa yeye ndiye atakayemwangusha.

Alimwita Kitinda. Hakuzunguka.

"Mwanangu, una mimba?"

Kitinda alibaki mdomo wazi. "Ya nani? Ya kompyuta?"

"Nijibu."

"Mama, tangu mwaka juzi sijakaa na mwanamume zaidi ya dakika kumi, na huyo alikuwa fundi wa friza." Kisha akaona uso wa Bi Kufuli. "Unaniuliza kwa dhati."

"Kwa dhati kabisa."

Binti alitoka, akashuka duka la dawa la ng'ambo ya barabara, akarudi baada ya dakika ishirini na tano akiwa na kijiti cha kupimia ndani ya mfuko wa karatasi. Kijiti kilikuwa na mstari mmoja. Hapakuwa na mimba. Alikiweka mezani mbele ya Bi Kufuli, akaanza kulia kwa hasira, na Bi Kufuli akamkumbatia hadi koti lake la kazi likalowa begani.

"Natapika kwa woga," alisema Kitinda. "Woga tu, Mama."

"Nisamehe. Nisamehe sana."

Wakati anaomba msamaha ndipo alipogundua kosa lake, na lilikuwa kosa la mtunza stoo. Alikuwa amezipitia kadi za maabara kana kwamba jengo zima limo ndani ya stoo yake. Kuna mtu aliyeishika chupa ile kabla ya wote ambaye kadi yake haikuwa kwenye kasha lile, kwa sababu hakuwa wa maabara. Bi Kufuli hakumaliza hata kumfuta binti machozi. Alishuka getini.

Mlinzi alimpa daftari la magari. Alilirudisha nyuma hadi Jumanne ile ya wiki tatu zilizopita, akaupata mstari: gari la taasisi, kuchukua barafu kavu, limetoka saa tatu na dakika kumi na nne, limerudi saa nne na dakika tano. Pembeni palikuwa na sahihi ya dereva, kubwa, yenye mkia.

Alisimama pale getini jua likimchoma utosini. Kwenye chupa ya Saba paliandikwa saa tatu na dakika ishirini na sita. Dakika hiyo mkono wa Mzee Gia ulikuwa barabarani, umeshika usukani.

*

Jumatano, saa tisa alasiri, waliketi watu sita kwenye chumba cha kutolea damu: Profesa, Daktari Mdogo, Kitinda, Mzee Gia aliyeambiwa anakuja kubeba kasha, Nesi aliyeitwa kutoka zahanati, na Bi Kufuli na madaftari yake matatu.

"Nitasema kwa kifupi," alianza Bi Kufuli. "Daktari Mdogo hakuigusa chupa hadi siku ya sita baada ya damu kutolewa. Kitinda aliipokea saa tatu na dakika arobaini ikiwa imejaa na imeandikwa. Mimi nimempima huyu kwa njia ambayo nitaiombea msamaha hadi nife, na damu ile si yake. Tatizo halikutokea juu. Lilitokea hapa."

Nesi alikuwa anatazama sakafu.

"Mzee Gia, ulisema ulitoa mkono wa kulia. Fomu inasema kushoto, na wa kushoto wewe mwenyewe unajua hauna mshipa. Chupa inasema saa tatu na ishirini na sita. Mlinzi anasema ulipita getini saa tatu na kumi na nne. Sasa niambie, mkono uliuacha hapa ukaendesha kwa mmoja?"

"Mlinzi yule saa yake mbovu," alisema Mzee Gia.

"Baba," alisema Nesi. "Basi."

"Wewe nyamaza, mwanangu. Ni mimi nilikosea saa, mimi ndiye..."

"Baba, basi." Nesi aliinua uso. "Mtu wa mkono wa kulia akijitoa damu mwenyewe, anajitoboa kushoto. Nikaandika mkono nilioutoboa. Mazoea ya kazi, sikufikiria. Ile damu ni yangu."

Profesa alivua miwani.

"Alikuja saa tatu kamili," Nesi aliendelea. "Nikamtoboa kidole kupima wingi wa damu, ikawa tisa nukta nane. Inatakiwa kumi na tatu. Sikuweza kumtoa hata tone. Akanishika mikono yote miwili. Akaniambia, 'Huu ni mwezi wa mwisho, nikikosa leo mtoto wa watu ataanguka kwa sababu yangu.' Alilia. Baba huyu sijawahi kumwona analia, hata kwenye msiba wa mkewe. Nikamwambia aende zake kwenye barafu, na kesho yake aende hospitali, mengine aniachie."

"Vitamini za nguvu," alisema Bi Kufuli.

"Vidonge vya kuongeza damu," alisema Mzee Gia kwa sauti ndogo. "Na vya minyoo."

"Nilidhani damu ni damu," alisema Nesi. "Chupa moja kati ya tisini na sita. Nikajua mnatazama mambo makubwa, mtaona tone langu wapi?" Alimgeukia Kitinda. "Nilitaka kukusaidia. Jumatatu niliposikia ni wewe unayeshukiwa, nikashindwa kusema. Niliogopea kazi yangu. Usiku kucha nimejiambia kesho nitasema."

"Nilikuwa nifukuzwe kesho," alisema Kitinda.

"Najua."

"Dada, ungeniambia tu. Mtu akiumwa anaumwa. Ningeongeza mwaka mmoja, ningechukua mtu mwingine nikaanza naye upya. Mwaka mmoja si kifo."

"Sasa itakuwaje?" aliuliza Mzee Gia.

Profesa alijibu bila kuzungusha. Namba Saba ataondolewa na miezi yake yote, kama sharti linavyosema. Utetezi wa tasnifu utaahirishwa mwaka mmoja. Barua itakwenda kwa bodi, na ndani yake jina la Kitinda litatajwa kuwa halina doa. Nesi hataruhusiwa tena kugusa chupa za utafiti, na zahanati itaarifiwa. "Sina namna," alisema, na ilionekana wazi kwamba alikuwa ameitafuta namna hiyo kwa bidii.

Nesi alitikisa kichwa kukubali. Kitinda alipumua kwa nguvu, kama mtu aliyeshusha mzigo akaona bado ana safari.

"Nina swali moja," alisema Nesi. "Madaftari mengine nimeyaelewa. Lakini jana ulikuwa unamtafuta mwanamke. Kijiti alichokwenda kununua Kitinda, muuza dawa ni rafiki yangu, alinisimulia. Ulijuaje kuwa ile damu ni ya mwanamke?"

Bi Kufuli alimtazama Daktari Mdogo. Daktari Mdogo alikuwa tayari amesimama. "Profesa, Mzee, twendeni nje kidogo," alisema. "Nina jambo la gari."

"Gari lina nini?" aliuliza Mzee Gia.

"Utaliona huko huko."

Mlango ulipofungwa walibaki wanawake watatu. Bi Kufuli alivuta kiti karibu, akaitoa ile karatasi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu hakujua aanzie wapi. Alikuwa anajua habari za Nesi, kama jengo zima lilivyozijua: ndoa ya miaka kumi na mitatu, madaktari wanne, na miaka mitatu ya mwisho ambayo hakumtaja tena daktari yeyote.

"Vidonda vya tumbo vilikuanza lini?" aliuliza.

"Mwezi hivi. Zaidi kidogo."

"Na siku zako?"

"Zangu hazijawahi kuwa na mpangilio. Niliacha kuhesabu." Nesi alitazama karatasi, kisha uso wa Bi Kufuli, kisha wa Kitinda. Alikuwa nesi. Rangi ilimtoka taratibu. "Msinifanyie mzaha. Tafadhali. Jambo hili msinifanyie mzaha."

Kitinda alipiga magoti mbele yake, akaiweka karatasi juu ya mapaja yake. "Dada, vinyamazishi hivi mwili wako hauvitengenezi. Hata ukitaka huwezi. Vinatengenezwa na kondo tu. Siku ile ulipojitoboa, tayari alikuwepo. Na seli zako zilikuwa zimeshaanza kutulia kwa ajili yake." Alipitisha kidole kwenye nguzo ya saba. "Mimi nililia siku nzima kwamba zimeniharibia grafu, kumbe zilikuwa zinamlinda mtu. Lakini ile damu ni ya wiki tatu zilizopita. Pima tena leo, sasa hivi, usiniamini mimi."

Vijiti vya kupimia vilikuwemo kabatini mwake mwenyewe. Nesi alikwenda, akakaa muda mrefu, akarudi akiwa ameushika mlango. Aliinua vidole viwili, mistari miwili, akakaa chini sakafuni palepale, nadhifu kama alivyokuwa, akajifunika uso kwa mikono. Wenzake wawili wakakaa naye sakafuni, na kwa muda hakuna aliyekumbuka kesi.

Baadaye alisema, "Mwite Baba."

Mzee Gia aliingia akilalamika kwamba gari halina kasoro yoyote. Nesi alimwambia kwa maneno matatu. Mzee alibaki amesimama, kofia mkononi, akitafuta pa kuiweka. Kisha akauliza wamejuaje, na Kitinda akamwonyesha karatasi.

"Humu ndani?"

"Humo."

Alivaa miwani yake ya kusomea. Alitazama mamia ya mistari, nguzo baada ya nguzo, midomo ikichezacheza. "Wapi?"

Kitinda alisimama kando yake, begani, akaweka ncha ya kalamu mahali. Mzee Gia aliinama hadi pua ikakaribia kugusa karatasi. Aliisoma tarakimu ile polepole, elfu, mamia, makumi, hadi mwisho, akairudia tena ili asiisahau, halafu akaiitikia kama mtu aliyeamkiwa.

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema. "Marahaba."